Sekunde Kumi na Moja za Mzee Sadiki

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru sana, ingawa mpaka leo sijui ni nani kati yenu aliyefikiri kwamba mtu anayestaafu ndiye anayehitaji kujua saa ngapi. Nimeitundika sebuleni na inakwenda vizuri. Lakini kabla pilau haijapakuliwa, Neema alisimama akaniuliza mbele ya watu wote, "Bi Nyamizi, ile faksi ya kompyuta, ulijuaje kwamba inataka mikato sita?" Watu wakacheka, nami nikacheka, nikasema nitajibu nikipata nafasi. Nafasi ninayo sasa, mpaka inanichosha. Jibu lenyewe ni refu kidogo, maana linaanza kabla Neema hajazaliwa, na ndani yake kuna kosa langu ambalo sijawahi kulisimulia pale ofisini.

Mambo ya vyeo na mishahara nayaacha. Yote yamo kwenye faili langu, na faili mnalijua lilipo, ndani ya lile kabati lisilofunguka.

Niliingia kazini miaka michache baada ya Uhuru, nikiwa nimevaa viatu vya dada yangu nilivyovijaza magazeti mbele ili visinivuke. Kila nilipotembea vililalamika. Chumba cha teleksi kilikuwa nyuma ya kaunta, na ndani yake alikaa mtu mmoja tu, Mzee Sadiki, kofia ya kitambaa kichwani, miwani imefungwa kwa uzi sikio moja. Alikuwa mtu wa mjini Tabora hasa, wa ukoo uliokaa pale tangu enzi za misafara. Babu yake alikuwa mpagazi, na Mzee Sadiki alipenda kusema kwamba ukoo wao haujabadili kazi: wanachukua mizigo ya watu wa Unyamwezi na kuipeleka pwani, ila siku hizi mizigo ni maneno na mabega hayachubuki.

"Shikamoo mzee," nikasema mlangoni.

"Marahaba, binti. Karibu. Viatu hivyo si vyako."

Ndivyo tulivyojuana. Siku tatu za kwanza hakuniruhusu kugusa herufi hata moja. Alinipa mswaki uliokwisha meno, kichupa cha mafuta ya cherehani na kipande cha kaniki, akaniambia nisafishe mashine. Nilisafisha. Akakagua kwa kidole, akanirudishia mswaki. Siku ya nne nilikuwa naijua ile mashine mpaka mahali inapokusanya vumbi, na sikumbuki kama kuna kozi yoyote niliyopelekwa baadaye iliyonifundisha zaidi ya mswaki ule.

Kwa ninyi ambao hamkuiona teleksi, ilikuwa mashine ya kuchapa iliyounganishwa na waya. Ulichokiandika Tabora kilijichapa chenyewe kwenye mashine nyingine mbali huko. Watu wa mjini na wa vijijini walituletea ujumbe wao kwenye karatasi, sisi tukauandika. Lakini hukuweza kufika Dar es Salaam moja kwa moja. Ulimwita kwanza mwenzetu wa Dodoma, Yustina, ukamwandikia unamtaka nani. Yeye akachomeka waya wake mahali panapohusika, kisha akakuandikia neno moja: ENDELEA. Hapo ndipo ulipoanza. Nilifanya kazi na Yustina miaka mingi bila kumwona uso, na nilijua akiwa na homa kwa jinsi alivyokuwa akichelewesha herufi.

Sasa Mzee Sadiki alikuwa na kawaida yake. Yustina akishasema endelea, kabla ya ujumbe wa mtu yeyote, awe mkuu wa mkoa au muuza chumvi, aliandika mstari ule ule: SALAAM DAR TABORA HAPA HABARI ZA ASUBUHI NA KAZI. Mchana alibadilisha asubuhi ikawa mchana. Kisha akashuka mstari wa pili, ndipo akaandika ujumbe wenyewe. Aliandika bila pupa, kidole kimoja kila mkono. Siku moja nilimwuliza kwa nini anaisalimia mashine.

"Siisalimii mashine," akasema. "Upande wa pili kuna mtu. Ana chai yake, ana mambo yake. Mwache ageuke kwanza ndipo umwambie shida yako."

Niliona ni tabia ya kizee, ya kupendeza. Nikaifuata kwa muda, kwa adabu tu.

Baadaye, mwaka ule watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, tuliletewa mkuu mpya wa ofisi, Bwana Mafuru. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa amerudi kutoka mafunzoni akiwa ameshika neno moja, ufanisi, na alilitumia kwa kila kitu, hata chai. Aliagiza kila mfanyakazi alete pendekezo moja la kuokoa muda. Mimi mwezi ule ule nilikuwa nimenunua saa ya mkono, ya kwanza maishani mwangu, yenye mshale mwembamba wa sekunde. Nilikuwa napima kila kitu: maji kuchemka, mtu kuvuka barabara, hotuba. Basi nikakaa nyuma ya Mzee Sadiki nikapima salamu zake. Sekunde kumi na moja. Nilipima mara nyingi, na kila mara ni kumi na moja. Nikaandika pendekezo kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: salamu ziondolewe, ujumbe uanze mara moja, na jambo kubwa liwekwe kwenye mstari wa kwanza.

Bwana Mafuru alilisoma kwa sauti mbele ya ofisi nzima. Nilijisikia mrefu. Mzee Sadiki alikuwa amesimama karibu na dirisha akifuta miwani. Siku mbili zilizofuata mkono wake uliendelea kuandika salamu wenyewe. "Sikatai amri," alimwambia mkuu, "ila mkono umezoea." Siku ya tatu akahamishiwa kaunta kuuza stempu, na mimi nikakalia kiti chake. Aliniachia mswaki juu ya mashine. Asubuhi zote zilizofuata aliendelea kuniuliza hali yangu na ya mama yangu kama kawaida, bila kununa, na hilo liliniuma kuliko kama angeninunia.

Wiki ile ile alikuja Mama Kalunde kutoka Kigwa. Alikuwa mkuu wa shamba la kijiji, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Watu walikuwa wamehamia kijiji kipya, wengi kwa shingo upande, na yeye ndiye aliyewashawishi waache kulima vipande vyao wafyeke shamba moja kubwa, kwa ahadi kwamba mbegu zitatoka ghala la Dar. Ghala lilikuwa limekubali, likisubiri tu kuambiwa mzigo ushushwe wapi. Nilimsaidia kupanga maneno, na kwa kufuata utaratibu wangu mpya nikaweka jambo kubwa mbele. Mstari wa kwanza: KIGWA STESHENI BEHEWA LIKATWE HAPO MBEGU ZISHUKE. Mstari wa pili: MAHINDI MAGUNIA THELATHINI YA KIJIJI CHA UJAMAA SHAMBA LIKO TAYARI. Yustina akasema endelea, nikaanza mara moja. Kesho yake ghala likajibu: MBEGU ZIMEPAKIWA. Mama Kalunde alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa Kinyamwezi, kisha akaenda kupanda treni.

Wa kwanza kuja na malalamiko alikuwa Bwana Kanji, mwenye duka la nguo karibu na soko. Aliingia akiwa na jasho, kalamu bado sikioni.

"Dada Nyamizi, mimi nimeandika nini kwako? Sema."

Nikatoa nakala. Ilikuwa safi: USITUME MAROBOTA MENGINE YA KANIKI.

"Sasa kwa nini mimi nimepata marobota mengine ya kaniki? Duka limejaa! Mke wangu anakaa juu ya kaniki, anakula juu ya kaniki!"

Nilimwambia tatizo litakuwa Dar. Kwa kweli niliamini hivyo, kwa kuwa nakala yangu haikuwa na doa. Kisha daktari mmoja akaja kwa shida ya namna hiyo, na baada yake mwalimu. Na siku moja nikamwona Mama Kalunde mlangoni, kilemba kimejaa vumbi la njiani.

"Mwanangu, mbegu hazijashuka."

Nikaliandikia ghala: KIGWA HAWAJAPATA MZIGO, na mstari wa pili, MBEGU ZA MAHINDI VIPI. Jibu likaja: ZILIONDOKA WIKI ILIYOPITA. Mkuu wa stesheni ya Kigwa alisema hakuna behewa lililokatwa pale. Mama Kalunde akarudi mikono mitupu. Siku chache baadaye akaja tena, na safari hii hakusimama kaunta. Alikaa kwenye benchi.

"Mawingu yamekaa," akasema. "Nimewaambia watu mbegu zinakuja. Nimewaambia mara mbili. Wengine wamekwisha kunja mikeka. Nikiwaambia mara ya tatu na mvua ikanyesha bila mbegu, watarudi walikotoka, na mimi nitabaki na shamba tupu na jina la mwongo."

Nikamwambia nitatafuta. Sikujua nitafute wapi.

Niliitafuta hitilafu kama mtu aliyepoteza pete. Nilisafisha mashine yote. Nilibadilisha nyaya za nyuma. Nilimtuma fundi akague nguzo mpaka nje ya mji kwa sababu mchwa walikuwa na mazoea nazo. Nilimwandikia Yustina maneno makali nikimshutumu kwamba anachomeka waya vibaya, naye akajibu kwa neno moja ambalo sitaliandika hapa. Kisha nikatandaza nakala zote za mwezi ule sakafuni, nikaweka upande mmoja zilizofika salama na upande wa pili zilizopata matatizo, nikaangalia saa zilizoandikwa pembeni. Hapo nikaona kitu. Ujumbe uliofuata mwingine karibu karibu, kwenda mashine ile ile ya Dar, ulifika salama. Uliokwenda kwenye mashine iliyokuwa kimya kwa muda ndio uliopata ajali. Na kila ulipopata ajali, kilichopotea kilikuwa mwanzo. USITUME ilikuwa mwanzo. Nilijua ni nini, lakini sikujua kwa nini, maana wakati wa Mzee Sadiki mashine zilikuwa hizo hizo, waya huo huo, Yustina huyo huyo.

Jumapili nikaenda Itetemia, Mzee Sadiki alikokuwa na shamba lake, nikamwulize. Niliona haya kwenda, ila nilikuwa nimemwahidi Mama Kalunde. Nilimkuta akipandisha matuta ya karanga, suruali imekunjwa magotini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Hujambo?"

"Sijambo. Mzee, Bwana Kanji ameletewa kaniki asizozitaka, na mbegu za Kigwa..."

Jembe likaendelea. "Za nyumbani?"

"Njema. Mzee, zile mbegu..."

"Mama naye? Mguu wake?"

"Unaendelea vizuri, nashukuru."

"Umekuja kwa miguu? Jua hili?"

Nikaitazama saa yangu. Najua niliitazama kwa sababu naye aliniona. "Mzee, nina jambo la haraka!"

Akamaliza tuta. Akasimamisha jembe, akafuta uso, akageuka akanitazama sawasawa.

"Najua una jambo. Lakini ulipoanza kusema nilikuwa na tuta langu. Sikushika hata neno. Sasa nimegeuka. Sema tena, tangu mwanzo."

Hakushika maneno ya kwanza kwa sababu alikuwa hajageuka. Na kwa miaka yote ile, Tabora ilipozungumza na Dar, maneno ya kwanza yalikuwa nini? Yalikuwa salamu. Nikakumbuka kitu alichowahi kunieleza fundi, kwamba mashine ya teleksi ikikaa kimya mota yake huzima yenyewe, na huamka inapopata herufi za kwanza, lakini inahitaji muda kidogo kushika mwendo. Herufi zinazofika kabla haijashika mwendo huchapwa ovyo. Salamu ndizo zilizokuwa zikipotea, siku zote, na hakuna aliyejali, kwa sababu zilikuwa salamu. Mimi nikaziondoa, nikaweka pale neno la kijiji kizima.

Nilimweleza yote pale pale. Alisikiliza akiwa ameegemea mpini.

"Kumbe na mashine ina chai yake," akasema.

"Ulijua mzee?"

"Mambo ya mota? Sikujua. Enzi za simu za kugonga, za nukta na vistari, tuligonga salamu ili mwenzako aweke kikombe chini. Ilipokuja mashine, sikuona sababu ya kuacha." Kisha akanionyesha jembe la pili. "Matuta mawili, halafu uende. Kesho ni kazi."

Jumatatu asubuhi, Yustina aliponipa endelea, niliandika mstari wa Mzee Sadiki wote, kisha nikaliomba ghala linirudishie kila herufi lililopata, hata za ovyo. Likarudi rundo la herufi zisizo na maana, na mwisho wake RI ZA ASUBUHI NA KAZI. Nikauliza: MKIPATA MSTARI ULIOVURUGIKA HIVI KUTOKA KWETU MNAFANYAJE. Jibu lao ninalikumbuka mpaka leo: TUNAURUKA NI SALAMU ZENU WATU WA TABORA TUMEZOEA. Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Nikauliza swali la mwisho: MAGUNIA THELATHINI MLIPELEKA STESHENI GANI. Wakajibu: HAIKUTAJWA TUKAPELEKA TABORA MLIKOANDIKIA.

Yaani mbegu zilikuwa mjini. Nilitoka mbio mpaka kaunta, nikamwambia Mzee Sadiki kwa maneno matatu. Akafunga droo ya stempu, akavaa kofia vizuri, tukaondoka. Ndiyo siku pekee niliyomwona akiacha watu kwenye foleni. Kutoka ofisini hadi stesheni hata jasho halikutoki, na ndani ya banda la mizigo, nyuma ya mapipa, magunia yalikuwa yamepangwa vizuri.

"Hayana mwenyewe haya," alisema mtunza banda. "Nimeuliza kila mtu. Moja panya wamejigawia."

Mama Kalunde alikuwa amepita mbele ya banda lile kila alipokuja kuniuliza.

Usiku mvua ilinyesha. Treni ya mizigo ya kuelekea upande ule ilikuwa mpaka keshokutwa, lakini Mzee Sadiki alimjua nyapara wa mafundi wa njia ya reli, maana nani hakumjua, na asubuhi tukapakia magunia kumi juu ya kiberenge chao ili watu waanze, mengine yafuate. Nikamwomba Bwana Mafuru ruhusa ya siku moja. Aliponiuliza sababu nikamwambia ukweli wote, kwamba pendekezo langu ndilo lililopoteza mzigo. Akavua kofia ya ufanisi kwa dakika moja, akasema, "Nenda. Tutazungumza ukirudi."

Nilifika Kigwa nikiwa nimekaa juu ya gunia, nywele zimejaa upepo. Kando ya stesheni palikuwa na familia mbili tatu zenye vyungu na mikeka iliyofungwa kamba. Mama Kalunde alisimama peke yake karibu na reli. Nilishuka, nikafungua mdomo kuanza na habari ya mbegu, kisha nikajizuia.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kinyamwezi.

Akanitazama. "Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola."

Tukasalimiana mpaka mwisho: nyumba, watoto, mvua, mguu wa mama yangu. Magunia yalikuwa yanaonekana nyuma yangu, lakini sikuyataja mpaka salamu zilipokwisha. Kisha nikamwambia kwamba kosa halikuwa la Dar wala la reli, lilikuwa langu, na nikamweleza behewa lilivyokwenda Tabora.

"Lilipita hapa?" akauliza.

"Lilipita hapa, mama."

"Nililiona. Nilidhani la watu wengine. Nililipungia mkono." Nikajua kwamba akinitukana nitapokea. Akafunga kanga yake kiunoni upya. "Haya. Leo wote wanapanda, wenye makosa na wasio na makosa. Vua hivyo viatu."

Viatu vilikuwa vyangu safari hii, na nilivivua. Nilipanda mpaka jua likakaa utosini, nyuma ya wale waliokuwa wamefunga mikeka. Nilipopanda treni ya kurudi, mikeka ilikuwa imefunguliwa. Msimu ule mahindi ya Kigwa hayakuwa mengi kama walivyoahidiwa kwenye mikutano, lakini yalikuwepo, na Mama Kalunde aliniletea debe moja ofisini, akaliweka kwenye kaunta bila neno zaidi ya salamu.

Bwana Mafuru alitoa agizo jipya kwamba kila ujumbe utanguliwe na mstari wa majaribio. Hakuweza kuuita salamu, na hatukumlazimisha. Mzee Sadiki akarudi kwenye kiti chake. Asubuhi ile nilimkabidhi mswaki kwa mikono miwili.

"Mzee, nisamehe. Nilikupima kwa saa."

"Ilikuwa sekunde ngapi?"

"Kumi na moja."

Akafikiri. "Basi siku hizo nilikuwa nafanya haraka."

Jambo hilo hatukulirudia tena. Tulikaa pamoja miaka mingi baada ya hapo. Alistaafu na kwenda kwenye karanga zake, akawa ananitumia za kuchemsha kila msimu, na alipofariki nilikuwa miongoni mwa watu waliolia bila kujificha. Teleksi nayo ilikuja kuondolewa, ikabebwa na watu wanne kupelekwa stoo. Mswaki niliubakiza.

Sasa nakujibu, Neema. Unakumbuka siku ile. Simu yetu ilikuwa imefungiwa isipige mbali, ikabidi tutumie kadi ya kulipia kabla. Kwa mkono kadi ilifanya kazi: unapiga namba ya kadi, mama wa kwenye kanda anakukaribisha kwa Kiingereza na Kiswahili, unaingiza tarakimu za siri, kisha namba unayoitaka. Lakini kompyuta ilipopewa kazi hiyo hiyo ya kutuma faksi, ilikataa. Mafundi wawili walisema modemu imekufa. Bwana mifugo wa Choma alikuwa amesimama kaunta na orodha yake ya chanjo, anaitazama ile kompyuta kama ng'ombe mkorofi, na wewe ulikuwa karibu kulia.

Nilikuomba ufungue spika ya simu upige kwa mkono, nisikilize. Mama wa kwenye kanda akapokea, akaanza kukaribisha, na hapo nikajua. Kompyuta yako ilikuwa ikimwaga tarakimu zote mara moja, yule mama akiwa bado hajageuka. Ukaniona nikitazama saa yangu ya mkono, ile ile, kioo kimepasuka, na kunong'ona. Baadaye uliwaambia wenzako kwamba Bi Nyamizi alisali. Sikusali. Nilikuwa nasema: Salaam Dar, Tabora hapa, habari za asubuhi na kazi. Niliisema kwa mwendo wa Mzee Sadiki, kidole kimoja kila mkono. Nilipomaliza, yule mama alikuwa amenyamaza anasubiri, na mshale ulikuwa kwenye kumi na moja. Kila mkato unaoandikwa katikati ya namba huifanya kompyuta ingoje kama sekunde mbili. Ndiyo maana nilikwambia weka sita. Faksi ikaenda, bwana mifugo akapiga makofi, nami nikaenda uani nikakaa huko kwa muda, mkadhani nina mafua.

Msiifute ile mikato. Siku moja atakuja mtu mwenye saa mpya, aone kompyuta imekaa kimya sekunde kumi na moja bila kufanya kitu, apendekeze mikato iondolewe. Msimgombeze. Mwulizeni habari za nyumbani, na za mama yake, mpaka ageuke, kisha mpeni karatasi hizi.